Simu Ishirini na Sita Kifudifudi

Jumatano, 4 Juni

Nimeingizwa vitani. Sikutaka. Kusema kweli nilitaka.

Jana tulikaa kikao cha harusi ya mpwa wangu, sebuleni kwa Dada. Jambo la mwisho: maharusi waingie ukumbini kwa wimbo gani? Nikanyoosha mkono. Baba Mdogo naye akanyoosha mkono. Wake mrefu, nusura uguse taa. Huyu ni mdogo wa baba yake bibi harusi. Kwangu ni shemeji, lakini ukoo mzima tunamwita Baba Mdogo. Nikasema mimi ndiye mjomba, nimetunga wimbo, na video yake iko mtandaoni. Yeye akasema, kwa ile sauti ya upole inayonikera, kwamba naye ametunga wimbo, na video yake pia iko mtandaoni. Shangazi mmoja akakohoa.

Mpwa wangu ni muuguzi, amezoea kuamua wagonjwa wanaogombea kitanda. Akasema hawezi kuchagua kati ya watu wawili anaowapenda. Basi mtandao uchague! Wimbo utakaokuwa umetazamwa mara nyingi zaidi kufikia Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi jioni, ndio utakaopigwa. Na mwenye wimbo atawatangulia maharusi kutoka mlangoni hadi jukwaani, kipaza sauti mkononi.

Lazima niwe mimi. Naweza kusema hapa kwa sababu hakuna anayesoma: mtoto yule alikaa kwetu miaka minne, Dada alipokuwa akifanya kazi mbali. Alikuwa anachukia mno kuoga. Nikamtungia kawimbo ka bafuni, "Sabuni imekimbia, twende tuikamate", na kuanzia hapo akawa anaingia majini mwenyewe. Siku moja, povu limemjaa masikioni, nikamwahidi kwamba siku ya harusi yake nitamwimbia mimi. Akasema sawa. Sawa ni mkataba.

Hali ya vita leo: wangu, "Mlango Fungueni, Anapita", umetazamwa mara 41. Wa Baba Mdogo, "Funga Mkanda, Mwanangu", mara 63. Ni mwalimu wa udereva, usitegemee mashairi. Mke wangu ameniuliza katika hizo arobaini na moja, nimetazama mwenyewe mara ngapi. Sikulipenda hilo swali.

Alhamisi, 5 Juni

Mkakati wa kwanza: mapenzi ya familia. Asubuhi nimetuma kiungo cha wimbo kwenye kundi la ukoo. Kimya. Nikatuma tena, nikaongeza picha za tarumbeta. Kimya. Pengine walikuwa kazini, nikatuma ili wakute wakirudi. Mpaka saa saba nilikuwa nimetuma mara kumi na moja, na Dada akaniondoa kundini. Amepiga simu kunieleza kwamba hajanifukuza, analipumzisha kundi tu.

Faida ya siku nzima: watazamaji wawili. Mmoja wao amenipigia kuuliza kama simu yangu imeingiliwa na matapeli.

Nikarudi kazini nimenywea. Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kimegawana ukuta na cha fundi cherehani, mwanamke hodari, mkali, asiyependa muziki. Nilikuwa nimeshika tama, natazama rafu bila kuiona. Mara nikaiona! Simu za wateja. Vioo vipya, betri mpya, zote zimepona, zinangoja wenyewe. Mteja huleta simu mbio kama anapeleka mgonjwa hospitali. Ukimwambia imepona, anakumbuka ana nyingine, anakuja baada ya wiki mbili. Nikazihesabu. Ishirini na sita. Ishirini na sita hazina kazi!

Namba za siri ninazo zote, huniachia wenyewe ili niijaribu simu. Na simu hujaribiwa kwa kitu gani kama si kwa video? Kwa hiyo nitazijaribu. Sana.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya kihistoria. Nilifungua mapema, nikaziwasha zote, nikazipanga mezani kama sahani za karamu, nikaanza kuweka wimbo wangu kwenye moja moja. Tatizo la kwanza: nina mikono miwili. Nilipofika simu ya tisa, ya kwanza ilikuwa tayari kwenye kiitikio. Kwa hiyo nikasikika mara ishirini na sita, kila mmoja wangu na mstari wake, wote tunagombea mlango ufunguliwe. Mimi niliguswa.

Fundi cherehani hakuguswa. Alikuja na sindano mdomoni, akaitoa ili atukane vizuri. Akasema kwa ajili yangu ameshonea mkono wa blauzi shingoni, na nikirudia atakuja na mkasi. Huyu mama ana kinyongo na sanaa. Pazia la dhahabu linaloonekana nyuma yangu kwenye video ni lake, na alikuja kulichukua katikati ya wimbo. Ndiyo maana kuanzia ubeti wa pili nyuma yangu kuna ndoo.

Nikazima sauti zote. Tatizo la pili: mteja aliyekuja kununua chaja alinyoosha shingo, akauliza mbona niko kwenye kila simu na miwani nyeusi. Nikazilaza zote kifudifudi. Safi kabisa! Ukiingia unaona simu zimelala. Kumbe ziko kazini. Na wimbo ukiisha unaanza wenyewe upya, kama unavyofanya kwenye simu yangu siku zote. Nikavuta kigoda, nikanywa chai kama bosi.

Jioni nikatazama hesabu. Mimi 79. Hongera zangu! Baba Mdogo 208.

Mia mbili na nane! Jana alikuwa 66! Huyu mtu ana mchezo mchafu. Nachukia sana watu wasio waaminifu.

Jumamosi, 7 Juni

Upelelezi. Nina hakika Baba Mdogo anawafungia wanafunzi ndani ya gari la mafunzo, anawatazamisha wimbo kabla hajawaonyesha gia. Mtu aliyefungwa mkanda ataenda wapi? Jina la wimbo lenyewe ni ushahidi.

Nikazilaza simu zangu, nikamwomba fundi cherehani anichungie kibanda. Amekubali kwa sharti kwamba nikae huko huko muda mrefu. Nikaenda hadi kwenye uwanja wanakojifunzia, nikajificha nyuma ya pipa la taka. Miwani nyeusi, ile ya kwenye video. Akashuka mwanafunzi mmoja anatetemeka. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza ameonyeshwa nini mle ndani. Akasema breki. Nikamuuliza na nini kingine. Akasema breki ya mkono. Amefundishwa kukana, huyo.

Wakati huo huo gari likaja kinyumenyume, mwanafunzi mwingine usukanini, likaligusa pipa. Kidogo tu. Pipa likaanguka, na mimi nikabaki uwanjani nimechuchumaa, ganda la ndizi begani. Baba Mdogo akashuka. Alitoa leso yake akanifuta bega, akasema kama nilikuwa nataka kujifunza kuendesha ningesema tu, ndugu hawaoneani haya. Dakika mbili baadaye niko nyuma ya usukani! Saa nzima! Hakupandisha sauti hata nilipopanda bustani ya watu. Njiani akasema ubeti wangu wa pili ni mzuri sana, na ile ndoo imeuleta wimbo karibu na maisha ya watu. Halafu, uso mkavu, akasema wake umepanda ghafla tangu jana na hajui watu wameutoa wapi.

Hajui! Mnafiki wa kutupwa.

Kurudi nyuma nimejifunza, lakini. Leo mimi 112, yeye 297.

Jumapili, 8 Juni

Leo sifungui kibanda. Nimeshinda kitandani na simu, namchungulia Baba Mdogo kila baada ya nusu saa. 297. Tena 297. Mchana kutwa hajasogea hata kwa jicho moja! Na leo shule yake ya udereva imefungwa. Nikaruka kutoka kitandani, nikamwita mke wangu aje aone kwa macho yake: siku wanafunzi hawapo, wimbo hautazamwi! Mnataka ushahidi gani mwingine?

Mke wangu akaniuliza kama kuna kitu kingine chochote ambacho nacho hufungwa Jumapili.

Nikafikiri. Nikamwambia benki. Amerudi kukunja nguo.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa. Nimeshuka! Jumamosi niliacha 112, leo nakuta 47. Sikujua kwamba idadi inaweza kurudi kinyumenyume. Mtu akishaona si ameshaona? Atarudishaje? Nimewaandikia wenye mtandao barua kali, nikatumia neno "kisheria" mara tatu. Wamenijibu hapo hapo kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana kwao. Tangu hapo kimya.

Dawa ni kuongeza dozi. Simu tatu zimechukuliwa na wenyewe, lakini tatu nyingine zimeingia, na moja kati ya hizo ni ya mke wa Baba Mdogo. Aliiangusha ngazini, kioo vipande vipande. Nimekibadilisha bei ya ndugu, kisha nikailaza na wenzake. Hakuna upendeleo vitani. Jumla bado ishirini na sita, na leo kila simu nimeibonyeza mara mbili, asubuhi na baada ya chakula.

Wateja nao wameanza maneno. Dereva wa lori analalamika kwamba amenunua bando la mwezi mzima na limekwisha simu ikiwa kwa fundi. Nikamwambia betri mpya hula bando mwanzoni, mpaka izoee. Ameondoka ananishukuru. Mwalimu wa hesabu hakuondoka ananishukuru. Simu yake sasa inamletea nguo za harusi, keki za harusi na mapambo ya ukumbi, na mumewe amemuuliza anaolewa na nani. Nikamshauri amjibu kwamba anakumbuka siku yao. Akasema wana watoto watano, mume wake anajua hawana nafasi ya kukumbuka siku yoyote.

Jioni: mimi 52, Baba Mdogo 433. Chakula hakikupita kooni. Kilipita cha pili tu.

Jumanne, 10 Juni

Kama mimi sipandi, basi yeye ashuke. Nimeamua kuandika maoni chini ya wimbo wake. Si matusi, ni uhakiki. Wala si kwa jina langu, sijawa mjinga kiasi hicho. Nikaokota simu moja mezani, yoyote tu, bila kutazama, nikaandika: "Sauti kama gia iliyogoma. Aache kuimba, awahurumie anaoishi nao." Nikatuma. Nikacheka peke yangu hadi bisibisi ikaanguka chini.

Alasiri Baba Mdogo akaja kibandani. Sijawahi kumwona vile. Mabega yameshuka, leso mkononi, haipanguzi kitu. Akasema amekuja kuchukua simu ya mke wake. Nikamuuliza ni ipi. Akainyooshea kidole.

Naomba niishie hapo.

Siwezi kuishia hapo. Ndiyo ile ile! Maneno yangu yametoka kwa jina la mke wake, pamoja na picha yake anatabasamu. Baba Mdogo akasema miaka kumi na tisa amekuwa akimwimbia mama yule jikoni wakiosha vyombo pamoja, na hakujua kama anamuumiza. Hajamuuliza. Anaogopa jibu. Halafu njiani akakumbuka kwamba simu iko kwangu tangu jana. Kwa hiyo alitaka kujua tu kama kuna mtu mwingine aliyeishika.

Jasho! Sijui lilitoka wapi, mpaka kwenye kope. Nikamweleza kwamba kioo kikivunjika vibaya, simu hubaki na wenge, hujiandikia yenyewe maneno ya ajabu. Ni ugonjwa unaojulikana, nikasema. Nikayafuta yale maoni mbele yake kama daktari anayetoa mwiba. Akaitazama meza, simu zote zimelala kifudifudi. Akanitazama mimi. Akasema basi ni kioo, na anamshukuru Mungu kwamba si mke wake. Akanipa mkono, akaenda.

Ameamini! Mtu mwepesi hivi sijapata kuona. Hata hivyo chai ya jioni haikuwa na ladha. Zile habari za kuosha vyombo angebaki nazo mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Hukumu imetoka.

Mpwa wangu alikuja saa kumi kasoro dakika chache, na sare yake ya kazini, viatu vyeupe. Alisema anataka tutazame pamoja. Nikajua anataka kuwa karibu nikianguka, wauguzi ndivyo walivyo. Saa kumi ikafika. Mimi 58. Baba Mdogo 702.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akavua viatu kidogo, miguu ilikuwa inamuuma. Kisha akaniuliza mbona simu zimelala hivyo. Kabla sijapata uongo mzuri akageuza moja. Baba Mdogo! Yuko garini, mkanda umefungwa, anaimba. Akageuza nyingine. Baba Mdogo. Nikageuza mimi, kwa mikono miwili, nne, sita, kumi. Baba Mdogo, Baba Mdogo, Baba Mdogo! Meza nzima shemeji yangu anapiga honi kwenye kiitikio! Fundi cherehani akaja kuchungulia, akacheka mpaka akashika ukuta tunaogawana, na ukuta wenyewe ukatikisika.

Mpwa akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watu kabla ya sindano. Kwenye simu yangu wimbo unarudia kwa sababu niliipanga hivyo mwenyewe. Simu za watu wengine, wimbo ukiisha, zinatafuta wimbo unaofanana nao, zinaendelea. Sasa wimbo wa mjomba unafanana na nini kuliko wimbo wa baba mdogo wa bibi harusi huyo huyo, wanaotazamwa na ndugu hao hao? Na zile nilizobonyeza mwenyewe, kutoka meza moja, saa moja, intaneti moja, mtandao umeona ni za kupikwa, ukazifuta. Zilizofuata zenyewe umezihesabu.

Kwa hiyo wiki nzima nimempigia kampeni Baba Mdogo. Kwa juhudi. Kwa bando la watu.

Nikasema basi hesabu si halali, turudie. Akasema mjomba. Neno moja tu, lakini alilisema vile alivyokuwa akilisema maji yakiwa ya baridi. Akanishika mkono, akaniomba nimwahidi kwamba simu za wateja sitazigusa tena isipokuwa kwa bisibisi. Nimeahidi. Alipoinama kuvaa viatu nilimwona tena na povu masikioni, na roho iliniuma kwelikweli. Nilikuwa nimemwambia nitamwimbia mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepewa kazi. Nitasimamia spika! Dada amesema kila mtu atumike kwa ufundi wake. Yaani Baba Mdogo atembee mbele ya mtoto wangu, na mimi nibonyeze.

Nimejikaza kisabuni, nikasema hakuna shida.

Lakini kidole huteleza. Hakuna kidole kilichowahi kutia saini popote.

Jumapili, 15 Juni

Naandika polepole, masikio bado yanavuma.

Jana saa nane mchana nilikuwa nyuma ya meza ya spika, simu ya ukumbi mkononi, nyimbo zote mbili tayari, kidole nimekipasha moto. Mke wangu akavuta kiti, akaketi karibu yangu kabisa. Akasema ameniona mpweke. Akaniwekea mkono begani, kucha zikaingia kidogo. Kidole kikasahau kuteleza. Nikabonyeza "Funga Mkanda, Mwanangu".

Milango ikafunguliwa. Mbele Baba Mdogo, suti ya kijivu, hatua moja, anasimama, hatua moja, anasimama, kama yuko kwenye foleni ya magari. Nyuma yake mpwa wangu. Sina maneno, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Gauni lilikuwa refu, kila baada ya hatua tatu msimamizi anainama kulipanga. Bwana harusi anatabasamu, anatoka jasho. Kwa mwendo ule, wimbo ukaisha wako katikati ya ukumbi!

Mtu akaangusha kijiko. Nikanyoosha mkono nibonyeze tena, na naapa, nilikuwa nabonyeza wa Baba Mdogo. Simu ikaniwahi. Ikaendelea yenyewe. Ngoma, kinanda, halafu sauti yangu, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia, inaomba mlango ufunguliwe. Wakati mlango ulishafunguliwa zamani!

Watu wote wakageuka. Mpwa wangu akasimama. Nikasema moyoni nimemharibia, siku yenyewe moja tu na nimemharibia. Nilitamani kuingia ndani ya spika. Ndipo akacheka. Kile kicheko cha bafuni, cha maji kumwagika. Akanitazama kule kule nyuma ya meza, akanyoosha kidole, akakikunja: njoo.

Mke wangu akatoa kucha, akanisukuma. Nikapita kati ya viti, nikajikwaa kwenye waya, Baba Mdogo akanidaka mkono kabla sijafika chini, akanipa kipaza sauti kama kwamba ndivyo tulivyopanga. Tukaenda pamoja, mjomba kushoto, baba mdogo kulia, mtoto wetu katikati na mumewe. Ubeti wa kwanza niliimba. Ubeti wa pili nililia. Baba Mdogo akauimba yeye, mwanzo mpaka mwisho. Ameukariri wote! Baadaye akanieleza kwamba zile mara hamsini na nane ambazo hazikufutwa, nyingi ni zake. Anaupenda, kumbe. Nikamwambia soli ya kiatu chake imeachia.

Jukwaani mpwa akaninong'oneza. Akasema wa mlango ni mzuri, lakini siku zote anaoukumbuka yeye ni wa sabuni. Akaniomba, nikipata nafasi, nimrekodie kwa sauti tu, bila ala, nimtumie yeye peke yake. Tafadhali nisimwonyeshe mtu mwingine.

Nimemwelewa vizuri. Anataka uzinduzi uwe wa kushtukiza.

Jumanne, 17 Juni

"Sabuni Imekimbia" iko mtandaoni tangu jana. Nimeimbia bafuni, ndani ya beseni, miwani nyeusi, povu mpaka masikioni. Mke wangu ndiye aliyeshika simu. Aliishika amefumba macho, ndiyo maana sehemu kubwa unaonekana mlango wa choo. Badala ya sauti nimemtumia mpwa kiungo, ili apate na picha.

Leo asubuhi: mtazamaji mmoja. Saa nne: mmoja. Ni yeye. Ameandika chini yake kwamba amesikiliza mpaka mwisho, amelia, na hataki zawadi nyingine ya harusi kwa mtu yeyote.

Nimeguswa, sikatai. Nilikaa nao ule ujumbe muda mrefu. Lakini mmoja! Beseni zima, kwa mtu mmoja! Utafika wapi na mtu mmoja?

Nikatazama rafu.

Ahadi naikumbuka, na nimeitimiza neno kwa neno: kila simu nimeibonyeza kwa ncha ya bisibisi. Imechukua muda, na vioo viwili vimepata mikwaruzo, vitapona. Tena safari hii nimetumia akili. Nikibonyeza wangu, simu inakwenda kwa Baba Mdogo. Jumamosi ulibonyezwa wa Baba Mdogo, simu ikaja kwangu, na ukumbi mzima ni shahidi. Jambo liko wazi! Nimeweka "Funga Mkanda, Mwanangu" kwenye simu zote, ambazo zimerudi kuwa ishirini na sita, bila sauti, nikazilaza kifudifudi, nikavuta kigoda, nikamimina chai.

Saa tisa: Baba Mdogo 1,140. Sabuni, mmoja. Nimegeuza simu moja kuona kazi inaendeleaje. Nimemkuta Baba Mdogo jikoni na mke wake, wanaosha vyombo na kuimba wimbo mpya, wa kuwashukuru wote wanaowatazama. Mzuri, kusema haki. Baada ya huo lazima unafuata wangu. Nimeirudisha kifudifudi.